Shada la Bi Mwanakhamis

"Hatumo."

Sauti ilitoka ndani, na nyuma yake kikasikika kicheko cha mtu aliyezibwa mdomo. Tabia alisimama barazani, mfuko wake wa tambuu mkononi. Huo ulikuwa mlango wa tano asubuhi ile. Alikuwa katumwa kualika hitima ya mzee mmoja wa Kikwajuni, kazi ndogo tu, na hitima watu hawaikatai. Lakini tangu atoke nyumbani kwake hakuna aliyemfungulia.

"Hatumo," sauti ikarudia. "Na tungekuwemo, ishirini nyengine hatuna."

Safari hii kicheko hakikuzibwa.

Jang'ombe yote ilimjua Tabia kwa kazi hiyo ya kualika. Ukiwa na harusi, ukiwa na arubaini ya mtoto, unamwita yeye, unamtajia siku, basi umemaliza. Hakujua kusoma, lakini nyumba zote za mtaa alikuwa nazo kichwani: nani kaposwa, nani karudi kwao na nguo zake kwenye kikapu, nani na nani hawasemezani wasije wakawekwa jamvi moja. Akifika mlangoni kwako anakupa jani la tambuu lililokunjwa. Ukilipokea, umekubali kwenda, na watu walikwenda hata kama wana homa.

Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na moja, alipopita na mfuko ule ule na sauti ile ile, akialika watu kwenye Shada la Bi Mwanakhamis, bibi mmoja wa Mkunazini, wanawake walipokea tambuu kwanza, wakauliza baadaye. Waliona aibu kurudisha kitu kilichotoka mkononi mwa mualikaji. Bi Jokha, mjane wa nyumba ya pembeni, peke yake ndiye aliyerudisha.

"Hebu nieleze tena," alisema Bi Jokha siku hiyo.

"Unatoa shilingi ishirini. Unaleta wenzako wanne, kila mmoja na ishirini yake. Shada lako limetimia, unapata doti mbili za kanga za Mombasa."

"Na hao wanne?"

"Kila mmoja analeta wanne wake."

"Na hao?"

"Hivyo hivyo, Bi Jokha. Kila mtu na wanne wake."

Bi Jokha alitazama uchochoro, juu na chini, kama mtu anayehesabu kuku. "Jang'ombe hii ina wanawake wangapi, Tabia? Maana mimi naona tukifika Ijumaa watabaki majini. Chukua tambuu yako mama."

Watu walimcheka. Kanga mpya siku hizo zilikuwa zinasikika kwa jina tu. Dukani unapanga foleni ya unga, na ukiuliza nguo unatazamwa kama uliyeuliza mwezi. Kisha wale wa mwanzo kabisa, wanawake kumi na mmoja, walipata doti zao kweli, wakazivaa zingali na wanga wa kiwandani zikiwachakarika, wakapita nazo mtaa hadi mtaa. Baada ya hapo Tabia hakuwa na haja ya kusema mengi. Waliingia mia na arobaini na saba. Walipokwisha kuingia, Bi Mwanakhamis akawa hapatikani nyumbani. Mara yuko kwa ndugu, mara anaumwa, mara mzigo umezuiliwa njiani.

*

Msabah, mume wa Tabia, alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Jioni ya siku ile ya hitima alirudi mapema kutoka barazani.

"Wameniambia kahawa nilipie kwa doti," alisema. Alivua kofia, akaitundika, ikaanguka, akaiacha hapo chini.

Mkekani alikaa dada yake, Sichana, aliyefika mchana kutoka Makunduchi. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa kamba za makumbi. Mwaka mzima alikuwa akipondaponda makumbi na kusokota, na fedha ya kamba zile ndiyo aliyoitia kwenye Shada. Alikuwa kapata watatu wa kijijini kwao. Wa nne alimkosa, akajilipia mwenyewe mara ya pili.

"Wifi, mimi sikuja kulaumu," alisema Sichana. "Nimekuja kuuliza tu nikawaambie nini. Nikenda pwani kuponda makumbi, wenzangu wanainuka. Wanahamia upande wa pili, kama mimi ndiye ninayenuka, si makumbi."

Tabia aliinamia kisu. Alikuwa akikatakata mchicha ambao ulikuwa umeshakatika zamani.

"Kashtakini," alisema Msabah.

"Nikaseme nini?" aliuliza Tabia. "Kwamba nilikuwa nakusanya watu tununue doti za magendo? Wataniuliza ziko wapi, halafu wataniuliza mimi ni nani."

Msabah alimgeukia mkewe. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwa amewahi kuuliza.

"Wewe ulikuwa unapata ngapi? Kwa kila mtu."

Kisu kilisimama. "Mbili," alisema Tabia.

"Shilingi mbili."

"Mbili."

Msabah aliinua uso akatazama dari. Mwezi wa pili tangu waondoe makuti na kupiga mabati, kumi na manne, na yeye mwenyewe ndiye aliyepanda kuyapigilia, akipiga mluzi. Aliyatazama mabati yale moja moja.

"Kwa hivyo mimi nalala chini ya wanawake wa mtaa mzima," alisema, "na kila mtu anajua ila mimi."

Sichana, pamoja na yote yaliyomkuta, alishindwa kujizuia, akacheka ndani ya upande wa kanga. Tabia hakucheka. Maneno yale yalimwingia kuliko "hatumo" zote za asubuhi. Mdomo wake ndio uliokuwa ukimlisha, na mdomo huo Bi Mwanakhamis aliuazima akaurudisha ukinuka. Usiku alilala macho wazi, na wala hakuwa akiwaza ishirini za watu. Alikuwa akimuwaza mtu mmoja.

*

Mtu huyo alikuja mwenyewe, kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Bi Mwanakhamis alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye bangili za dhahabu tatu mkono mmoja, na harufu ya udi iliyotangulia kuingia kabla yake. Alikikung'uta kiti kwa ncha ya buibui ndipo akakaa.

"Tabia mdogo wangu, umekonda. Unafikiri sana wewe."

"Karibu, Bi Mwanakhamis."

"Nshakaribia. Sina muda. Wanu anaolewa Jumapili ya wiki ijayo, umesikia?"

Nani asiyesikia? Binti yake wa pekee, anachukuliwa na watu wa mtaa wa Malindi.

"Sasa hao watu wa Malindi, wewe unawajua. Wanahesabu vichwa. Shangazi wa mume ndiye mbaya zaidi, huyo hata vikombe anavigeuza atazame chini. Nyumba yangu lazima ijae, na hakuna wa kuijaza ila wewe."

"Watu wana hasira na wewe, bibi."

"Wana hasira na doti. Waambie mzigo umefika. Wanakuja harusini wanachukua mzigo wao hapo hapo, kila mtu na chake."

Tabia alimtazama. "Umefika kweli?"

"Wewe waambie hivyo. Umetumwa, mjumbe haulizi." Bi Mwanakhamis aliinama, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya mapenzi. "Na baada ya harusi, tufungue Shada jipya Makunduchi. Huku mjini watu wamekuwa wajuaji. Yule wifi yako anakaa nao, wanamwamini. Safari hii nakupa tatu kwa kila kichwa. Tatu, Tabia. Utapiga bati mpaka jikoni."

Kutoka chumbani, ambako Sichana alikuwa kakaa na kusikia kila neno, kikasikika kitu kikianguka.

"Makunduchi hapana," alisema Tabia.

"Nne, basi."

"Hata ishirini. Kwa hilo katafute mwengine, na ukimpata nitamfuata nyuma mlango kwa mlango." Aliyasema haya taratibu, na Bi Mwanakhamis akavuta midomo. "Lakini harusi nitakualikia."

"Wote?"

"Kila aliyepokea tambuu yangu."

"Na utawaambia mzigo umefika."

"Nitawaambia kama ulivyonituma, neno kwa neno. Na ujira wangu ni ule ule wa siku zote, doti moja, siku ya harusi yenyewe."

Bi Mwanakhamis alicheka, akampiga begani, akaondoka zake. Harufu ya udi ilibaki mpaka adhuhuri.

Msabah aliporudi na kuhadithiwa, hata hakukaa. Alichukua nyundo na ngazi. Kabla ya magharibi mabati kumi na manne yalikuwa yameegeshwa ukutani, na fundi mmoja wa Miembeni akaja kuyatazama, akatafuta matundu ya misumari ili ashushe bei, akayapata, akaishusha. Usiku ule walilala wakitazama nyota. Mvua haikunyesha, hilo tu ndilo lililokwenda sawa.

*

Asubuhi Tabia alianza na mlango ule ule wa tano.

"Hatumo."

"Sitaki ishirini," alisema Tabia. "Nimekuletea mbili zako."

Ndani komeo likavutwa.

"Mbili gani?"

"Nilizokula mimi juu yako. Na hii tambuu, ukiitaka."

Alikwenda hivyo nyumba kwa nyumba, siku tano, mpaka visigino vikapasuka. Fedha za mabati hazikutosha, akauza na birika la shaba la mama yake. Wapo waliopokea shilingi mbili wakamtukana, akasubiri matusi yaishe ndipo akatoa tambuu. Na kwa kila mmoja maneno yalikuwa haya haya:

"Nimetumwa na Bi Mwanakhamis. Anasema mzigo umefika, njoo harusini uchukue. Hayo ni ya kwake. Haya sasa ni yangu. Njoo, na mtoto wa mgongoni, na mama mkwe kama anaweza kutembea. Kula ushibe, mchele ule ni wako. Lakini usiimbe, usicheze, na bibi harusi akifunuliwa usipige kigelegele. Kaa, unyamaze."

Bi Jokha alimngojea barazani kwake.

"Mimi sikutoa kitu. Naalikwa?"

"Wewe utaweza kunyamaza, Bi Jokha?"

"Kwa muda gani?"

"Kutwa."

Bi Jokha alifikiri sana. "Nipe majani mawili," alisema. "Moja nitalitafuna, moja nitazibia mdomo."

*

Nyumba ya Bi Mwanakhamis ilikuwa Mkunazini, ghorofa ya pili, juu ya ngazi ya mbao inayolia. Kufika saa nane ilikuwa imejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Watu wa Malindi walipanda wakipenya kwa mabega, na shangazi wa bwana harusi, mrefu, mkavu, mwenye miwani, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Mwanakhamis alimwona akitikisa, uso ukamng'ara.

Pilau ikatolewa. Wengi hawakuwa wameonja mchele miezi mitatu. Walikula kimya, wakala tena, wakafunga mengine kwenye majani ya mgomba, masinia yakarudi jikoni yamekombwa, yakapelekwa yaliyobaki, nayo yakarudi hivyo hivyo. Wapiga ngoma walianza nyimbo ya kwanza. Hakuna aliyeitikia. Wakaanza ya pili. Kwenye ya tatu mwenye ngoma kubwa aliuliza kwa jicho kama amekosea nyumba, akaacha.

"Imbeni, jamani," alisema Bi Mwanakhamis akipita katikati. "Mmeshiba mno?"

Walimtazama tu. Watu mia na hamsini, na usikie kuku wa jirani anavyokwaruza.

Chumba cha pili kilifunguliwa ili watu wa mume waone vitu vya bibi harusi. Na huko, juu ya kitanda cha samadari, zilipangwa doti sitini, mpya, za Mombasa, zimekunjwa zikapandana kama matofali. Bi Mwanakhamis alishindwa kujinyima furaha hiyo. Alikuwa akisema moyoni kwamba wale wa Jang'ombe hawatafika mpaka chumba cha ndani. Sichana alikuwa wa kwanza kuziona. Alizitazama, kisha akatazama viganja vyake. Akatoka, akakaa mahali pake, na habari ikapita kutoka jicho hadi jicho bila neno hata moja, mpaka kwenye ngazi.

Baada ya alasiri Wanu akatolewa, akakalishwa kitini kafunikwa. Mtoto wa miaka kumi na tisa, hina mpaka viwikoni. Desturi inajulikana: shangazi wa mume anamfunua, nyumba inalipuka kwa vigelegele, na bwana harusi aliyesimama chini uchochoroni na wenzake akivisikia ndipo anapopanda. Asipovisikia hapandi. Atasimama pale na kilemba chake mpaka kesho.

Shangazi akamfunua.

Kimya.

Mtoto mmoja akapiga chafya. Bi Jokha alikuwa kajitia upande mzima wa kanga kinywani, macho yamemtoka. Wanu aliinua uso, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akatafuta mama yake.

Bi Mwanakhamis alisimama katikati ya nyumba. Akatazama safu za nyuso, moja moja, na pengine ndipo alipotambua kwamba hakuna uso pale ambao hakuula. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele, peke yake. Kilianza juu, kikapasuka katikati, kikaisha na kikohozi. Akapiga cha pili. Hicho hakikufika popote.

Chini uchochoroni mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Hicho kigelegele au kuna mtu kaungua?"

"Nyumba hii ina msiba?" aliuliza shangazi. Hakujibiwa. "Nani kaalika hapa?"

"Mimi," alisema Tabia, akasimama.

"Uliwaalika harusini au mazikoni?"

"Nilitumwa niwaambie mzigo wao umefika, waje wachukue. Wamekuja. Wanangoja."

"Mzigo gani?"

"Mwongo huyu," alisema Bi Mwanakhamis. "Mwanamke wa Jang'ombe, hana hata bati—"

"Bati nilikuwa nalo," alisema Tabia, "la shilingi mbili mbili za hawa. Nimeliuza nimewarudishia. Nilizokula mimi nimezitapika. Sasa zamu yako." Akamgeukia shangazi, akamweleza, kwa sauti ile ile ya mlangoni: ishirini, wanne, na wanne wa wanne, kumi na mmoja waliopata na mia na thelathini na sita waliobaki, na doti sitini zilizo juu ya kitanda kile.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaenda chumbani, akarudi na doti moja, akaigeuza kutazama pindo, kama wanavyosema anavyogeuza vikombe.

"Sisi hatuchukui mke na nguo za watu," alisema. "Mwanangu yuko chini. Hapandi mpaka nyumba hii itoe sauti, na mimi siwezi kuwalazimisha. Mwanakhamis, toa."

"Nguo za mwanangu?"

"Toa, au tunashuka."

Zikatolewa. Kila doti ilipasuliwa katikati, upande huku upande huku, kwa sababu sitini hazitoshi watu. Na sauti ya kanga kupasuka, mara moja, mara ya pili, mara ya sitini, ndiyo ngoma pekee iliyopigwa siku hiyo. Vikongwe walipewa kwanza. Upande ulipokwisha, waliobaki walichukua walichokiona: mito, majamvi, masufuria, mwengine akabeba sinia lenye mabaki yake. Kumi na mmoja wale waliokuwa na zao hawakugusa kitu, waliwakunjia wenzao. Sichana alipisha kila mtu mpaka akakuta mikono yake mitupu.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bi Jokha. Alitoa kanga kinywani, akavuta pumzi ya kutwa nzima, akapiga kigelegele mpaka popo wa nyumba ya pili wakatoka. Wote wakafuata. Nyumba ikatetemeka, wapiga ngoma wakashtuka wakaanza, na chini bwana harusi akatia mguu kwenye ngazi.

Tabia hakupiga. Alikuwa kasimama mbele ya kiti. Wanu alimshika upande wa buibui.

"Bi Tabia, mimi nimekukosea nini?"

Tabia alimtazama zile hina, zile nyusi zilizotindwa, ile nguo moja iliyombakia.

"Hukunikosea, mwanangu," alisema. "Ulivaa tu."

Kisha akamwendea Bi Mwanakhamis, aliyekuwa kaegemea ukuta.

"Bado mimi."

"Bado nini? Umeniacha na nini?"

"Ujira wa mualikaji. Doti moja, siku ya harusi yenyewe. Ulikubali."

"Hakuna doti ndani ya nyumba hii."

"Ipo," alisema Tabia. Bi Mwanakhamis alikuwa kaivaa, mpya, upande mmoja kiunoni juu ya gauni, upande wa pili kichwani mpaka mabegani. Tabia alinyosha mkono, akangoja. Ngazi ilikuwa ikilia, kilemba kilianza kuonekana juu ya vichwa, na shangazi akawa anatazama.

Bi Mwanakhamis akafungua kiunoni. Akavuta na ya kichwani. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe chini ya rangi nyeusi, na mkwewe alikuwa amebakisha vidato vinne. Akainama, akakimbilia jikoni, akavuta mlango. Harusi ya binti yake aliisikiliza kutoka huko, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya mafiga bila sufuria.

Tabia alishuka akipishana na bwana harusi. Chini uchochoroni Sichana alikuwa akimngojea, na Bi Jokha, na wengine ambao asubuhi ya hitima walikuwa hawamo. Alimtupia wifi yake doti ile begani.

Sichana aliishika, akaipapasa kwa viganja vyake vilivyochanika.

"Ina joto bado," alisema.

"Itapoa," alisema Tabia.